Maneno ya Yule Mama Mlangoni

Ilianza na sauti ya baragumu. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, nimeketi uani kwetu hapa Kator, Juba, nikichekecha unga wa kisra, mkate wetu mwembamba, nikasikia baragumu refu likilia chumbani kwa binti yangu, halafu ngoma tatu, halafu kimya kama cha mtu anayevuta pumzi. Mkono wangu ukasimama. Ndugu zangu mnaosoma, pua yangu haikunusa unga tena. Ilinusa turubai lililochomwa na jua la saa tisa, na moshi wa dizeli, na jasho la watu waliokaa chini wamebanana magoti. Miaka zaidi ya thelathini iliingia uani kwangu bila hodi.

"Gloria," nikaita, "unaangalia nini huko?"

"Picha ya zamani, Mum. Wenzangu kazini wanaisifu, wanasema sehemu ya pili ndiyo kali kuliko zote. Si ukuje ukae?"

Sehemu ya pili. Nikacheka peke yangu. Mimi ya kwanza sijaiona mpaka leo.

Niwaambie mapema kwamba sikusoma. Nilifika darasa la tatu kambini Uganda, na Kiswahili hiki nimekiokota kwa wafanyabiashara, Waganda na Wakenya, kule soko la Custom ninakouza bamia kavu na samaki wa moshi. Kwa hiyo msitegemee maneno yaliyopakwa mafuta. Jambo la pili, mimi nataja watu. Wengi hapa Juba wakisimulia habari za vita husema "mambo yalitokea", kama vile mvua inavyotokea. Hayakutokea. Yalifanywa, na waliofanya wana majina. La kwangu mimi lilifanywa na watu watatu. Wa kwanza ni Kapteni Silvano. Wa pili ni Mwenyekiti Enosi. Wa tatu, mpaka Jumapili ile, nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sababu miaka yote hii niliamini kuwa ni mimi niliyemtuma kaka yangu Taban kwenda kufa.

Nilikuwa na miaka kumi. Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Uganda, nyumba za udongo zimepangwa kwa mistari kama mahindi. Katikati ya kambi kulikuwa na kibanda cha video. Nasema kibanda, lakini kilikuwa turubai moja juu ya miti minane, televisheni moja juu ya meza, na jenereta nyuma likikohoa kama mzee wa tumbaku. Kiingilio kilikuwa kikombe cha maharagwe ya posho. Mama zetu walijua kabisa kwa nini maharagwe yanapungua kila Jumamosi, na sisi tulijua kwamba wanajua.

Kaseti zilikuwa kwa Kiingereza, na watu wengi hatukukijua, kwa hiyo kulikuwa na mkalimani. Jina lake Modi, sisi tulimwita Ostaz, yaani mwalimu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akawa anasema kwa Kiarabu chetu cha Juba kila kinachosemwa na wazungu wale, akibadilisha sauti: nyembamba kwa wanawake, nzito kwa wakubwa, na ya puani kwa watu wabaya. Kelele za jenereta hazikumshinda. Ukisikiliza nusu saa unasahau kwamba ni mtu mmoja. Unasema watu wa ndani ya televisheni wanajua Kiarabu.

Picha ya baragumu ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Habari yake ni hivi. Kuna watu ambao dunia yao iliungua. Wamebaki wachache, wanaishi ndani ya meli kubwa inayopita kati ya nyota, na tumboni mwa meli hiyo wamebeba mto wao wa mwisho, wameugandisha ukawa barafu. Kila siku wanakata kipande, wanayeyusha, wanagawana. Kambini kwetu kulikuja sehemu ya pili tu. Ya kwanza haikufika, labda ililiwa na panya njiani, lakini Modi alitusimulia yote kutoka kichwani kwake, na sisi hatukuona pengo lolote. Watu waliofukuzwa kwao, wanaoishi kwa kugawiwa, wanaosubiri. Mkimbizi anahitaji kuelezwa nini hapo? Modi aliiita meli "lori". Mkuu wa meli alimwita "mwenyekiti". Ile barafu aliiita "posho", na watu walipiga makofi. Jirani yetu mmoja, Haboba Rebeka, bibi wa meno mawili, alikuwa anagombana na televisheni kabisa. "Wewe mtoto!" anamfokea kijana rubani. "Barafu yote hiyo na huna sweta! Mama yako yuko wapi?"

"Subiri, Haboba," Modi anamjibu bila kugeuka. "Mama yake anakuja."

Na kweli alikuja. Barafu ikipungua, wakubwa wanatangaza kwamba kuna kisima kwenye sayari ya vumbi, na wavulana wanatakiwa waende wakakipiganie. Rubani kijana anafika kwenye mlango mkubwa wa meli, na mama yake amesimama pale. Mama anamwekea kiganja kifuani na kumwambia maneno.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Katika ukoo wetu mtu akienda mbali, mama yake humwekea kiganja kifuani, hivyo hivyo, na kumwambia, "Nimekutuma mimi." Ukitumwa, safari yako ina mwenyewe. Usipotumwa, wewe ni mtu aliyepotea ambaye bado anatembea. Sasa fikirini jinsi lile turubai lilivyonyamaza tulipoona mzungu wa kwenye nyota anafanya mambo ya kwetu. Hata Modi aliishusha fimbo yake. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mwanamke, lakini bila mzaha safari hii, "Nenda, mwanangu. Nimekutuma mimi. Usirudi bila maji."

Haboba Rebeka alilia. Wanaume walijifanya wanafuta jasho. Taban alikuwa kando yangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, darasa la saba, kijana mrefu mwenye masikio makubwa niliyozoea kuyavuta nikitaka anibebe. Alizaliwa wakati mama amechoka sana na maisha, ndiyo maana akapewa jina hilo, kwa Kiarabu taban ni mtu aliyechoka. Nilimtazama nione kama analia. Hakulia. Alikuwa anamwangalia Modi, haangalii televisheni.

Jumamosi hiyo kiingilio kilikuwa bure. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto akipewa cha bure anasema asante. Picha ilipoisha, mtu aliyekaa mbele kwenye kiti cha peke yake alisimama. Huyo alikuwa Kapteni Silvano, kutoka jeshi la msituni, mwenye viatu vizuri. Akauliza swali moja tu, "Nani hapa ana mama kama yule?" Nani atasema hana? Mikono ikapanda. Mwenyekiti Enosi, mkubwa wa mtaa wetu kambini, alikuwa amekwisha kaa karibu na jenereta na daftari lake, anaandika majina. Enosi huyohuyo, na daftari hilohilo, ndiye aliyesoma majina ya nyumba siku za kugawa posho.

Taban hakunyoosha mkono. Lakini Jumatatu jioni Enosi alikuja kwetu, akazungumza na mama nyuma ya jiko kwa muda mrefu. Nilisikia mama akisema, "Nina wanne, Enosi. Wanne." Nilidhani anamhesabia watoto ili aongezewe mafuta ya kupikia.

Jumatano asubuhi Taban aliondoka. Wenzake walikuwa wanamsubiri barabarani wakiimba. Alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani kuna shati moja na sabuni nusu. Mama alikaa ndani, ameupa mlango mgongo, anachambua maharagwe ambayo alikuwa amekwisha yachambua jana yake. Taban akasimama kizingitini. Akasubiri. Akasema, "Mama, naenda." Mama akaendelea kuchambua. Nikasikia maharagwe yakianguka kwenye sufuria, moja, moja. Mimi nilimkasirikia mama. Nilisema moyoni, hata mzungu wa kwenye nyota anajua kumtuma mwanawe, na wewe unakaa kama jiwe.

Taban akageuka, akachuchumaa mbele yangu. "Kiden," akasema, "mama hawezi. Fanya wewe. Maneno si unayajua?"

Nani kama mimi! Niliyajua yote, na sauti ya Modi pia. Nikaweka kiganja changu kifuani kwake, nikasema, "Nenda. Nimekutuma mimi. Usirudi bila maji." Akatabasamu, akainuka, akaenda. Hakurudi, si na maji wala bila maji. Baada ya mvua mbili alikuja mtu mmoja wa mguu mmoja, akatuambia kwamba Taban alianguka kwenye kuvuka mto, mwezi wa kwanza tu, kabla hajapewa hata bunduki ya kwake.

Sasa mnaelewa kwa nini nasema nilijiweka kwenye orodha. Mama hakuniambia neno juu ya siku ile, na mimi ukimya wake niliusoma kama hukumu. Tulirudi Juba, niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikakimbia tena, nikarudi tena. Kila mtoto wangu akisafiri simwekei mkono. Gloria alipokwenda Nairobi kusoma, nilimsindikiza uwanja wa ndege mikono yangu yote miwili imo ndani ya kitenge. Alidhani nasikia baridi. Juba!

Mama alipokuwa anakufa, ndipo aliponieleza lile daftari. Silvano na Enosi walikuwa wamekubaliana kwamba nyumba yenye mvulana mkubwa ikimficha, jina lake linafutwa kwenye posho. Nyumba nzima. "Sasa kwa nini hukumtuma, mama?" nikamuuliza. "Kama ilikuwa lazima aende, kwa nini aende bila kutumwa?"

"Kumtoa nilimtoa," akasema. "Kumtuma sikuweza."

Silvano leo ana nyumba ya ghorofa na walinzi. Enosi alikufa kitandani kwake, akazikwa kwa nyimbo. Nawaandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine walipoandikwa.

Turudi Jumapili. Nilinawa unga, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani kando ya Gloria, kompyuta yake kati yetu. Ndugu zangu, ile picha ni ndogo! Meli tuliyoiona kama mlima ni kitu cha bati, unaona hata nyaya zake. Sayari ya vumbi ni machimbo ya mawe tu, kama yale tunamoponda kokoto huku kwetu. Nilimwonyesha Gloria yule mwenyekiti, nikamweleza kwamba hapa anasema posho imekwisha, na Gloria akacheka mpaka machozi. "Hajasema hivyo, Mum! Anasema habari ya injini." Nami nikacheka. Nilikuwa nimezoea kwamba Modi anatia chumvi.

Tukafika mlangoni. Mama akaweka kiganja. Akasema maneno yake, marefu kidogo kuliko nilivyokumbuka. Gloria hakucheka.

"Anasema nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nayajua.

"Anasema, 'Usiende. Hakuna kisima kule. Wanawatuma ili midomo ipungue ndani ya meli.'"

"Rudisha."

Akarudisha. Mama akaweka tena kiganja, na sasa niliona kile ambacho turubai zima hatukukiona. Vidole vyake vimekunjwa. Alikuwa amemshika shati. Anamzuia. Kijana anavibandua vidole vile kimoja kimoja, anapita.

"Rudisha tena."

"Mum, uko sawa?"

"Rudisha, Gloria."

Jumatatu sikwenda Custom. Nilikwenda mtaa wa Nyakuron, kwa sababu Ostaz Modi yuko hai. Ana meza ya kutengeneza feni na redio karibu na maduka, na siku za harusi huitwa kushika maikrofoni, sauti bado anayo. Miaka yote nilikuwa nampitishia bamia kama mtu wa kwetu. Sikuwahi kumlaumu. Nani anamlaumu mtu anayesoma barua aliyoandika mwingine? Nilimkuta amefungua feni, miwani yake imefungwa kwa waya, kijana wa boda anamharakisha.

"Ostaz, hiyo feni ama mgonjwa? Tangu asubuhi unaipima mapigo."

"Wewe kalia pikipiki yako, ulee tumbo. Ah, Kiden! Binti wa Rejina! Leo umeniletea nini?"

"Nimeleta swali. Ile picha ya meli na mto. Yule mama mlangoni alisema nini?"

Uso wake ukafunguka. "Ile! Watu walilia siku ile! Alimtuma mwanawe."

"Alimwambia asiende."

Akaweka bisibisi chini. Akamwambia kijana wa boda arudi baadaye, na yule kijana alipotutazama, hakubisha. Modi akanivutia kiti.

"Wewe Kiingereza umekijua lini, Kiden?"

"Binti yangu anakijua."

"Basi binti yako amenishinda. Mimi sikukijua hata siku moja." Alisema hivyo akiwa anaangalia mikono yake. "Nilijua 'habari za asubuhi' na 'panga mstari'. Kambi ilitaka mkalimani, mimi nilikuwa na sauti. Nilikuwa naangalia nyuso, nasema kile ambacho uso ule ungesema kama ungekuwa wa kwetu. Yule mama aliweka kiganja kifuani. Mtu wa kwetu akiweka kiganja kifuani anafanya nini? Ningesema nini kingine?"

"Na Silvano?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Nimekuuliza, na Silvano?"

"Alinipa dizeli ya mwezi mzima. Akasema, Ostaz, leo iwe tamu, vijana watoke na moto. Sikukataa. Hiyo ni yangu, sikatai."

Nilikuwa nimesimama tayari, nina maneno mdomoni ambayo siwezi kuyaandika hapa, aliposema, "Lakini kaka yako alijua."

Nikamwambia arudie.

"Taban alikisoma Kiingereza, cha vitabu. Alikuja kwangu Jumanne, kesho yake wakaondoka. Akasema, Ostaz, yule mama hakusema vile, alisema asiende. Nikamwomba asiniaibishe mbele ya watu. Akasema hakuja kuniaibisha. Alikuja kuniomba, hata wakiuliza nyumbani kwao, hata akiuliza yule mdogo wake wa kike, niseme vilevile nilivyosema. Kwamba yule mama wa kwenye picha alimtuma mwanawe. Alisema anakwenda, na hataki mtu abaki anajua zaidi ya hapo."

Nilitoka bila kumuaga. Nilitembea kwa miguu mpaka Kator, juani, na nilikuwa namchukia vizuri kabisa, chuki safi, mpya, kama nguo ya Krismasi. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatilia watu maneno ambayo hawakuyasema. Sasa amemtilia maneno kaka yangu pia, ambaye hawezi kurudi kukanusha. Uongo mtamu, wa kuokoa ngozi yake. Amesimama kando ya televisheni tena, na fimbo mkononi. Nilimwandika kwenye orodha siku hiyo, namba tatu, na hapo ameandikwa na hatoki.

Lakini kuna kitu sijawaambia. Sikukificha, ila sikujua kuwa ni kitu. Nilikuwa nimekiweka pamoja na mambo ya kitoto, masikio yake, sabuni yake nusu, na nilikikuta siku tatu baada ya Modi, nikiwa napanga samaki mezani, mikono inafanya kazi na kichwa hakipo.

Kiganja changu kilikuwa kifuani kwa Taban asubuhi ile. Moyo wake ulikuwa unapiga sivyo. Ulikuwa unapiga kama wa kuku uliyemshika mabawa, unagonga mpaka nikausikia kwenye kifundo cha mkono. Mimi nilikuwa na miaka kumi, najua mashujaa wa televisheni tu, na shujaa hana moyo wa kuku. Kwa hiyo nilielewa kivyangu. Leo nina miaka ya kutosha, na nimeshika vifua vya watu wenye hofu, barabarani, mahandakini, vichakani, wakubwa kwa wadogo. Naijua ile ngoma. Hivyo ndivyo unavyopiga moyo wa mtu anayejua anakokwenda. Modi hawezi kuwa alinitungia hilo, hakuwepo. Taban alijua hakuna kisima. Alijua Enosi ameandika nini. Hakunichuchumalia ili nimtume. Alinichuchumalia ili mimi nibaki na kitu, na mama asikie mtu amesema maneno yale, hata kama ni mtoto.

Na mimi, katika ujinga wangu wote, nilicheka. Nikamwambia, "Taban, moyo wako una haraka ya kwenda."

Akanitazama, akakishika kiganja changu, akakikandamiza kidogo pale pale.

"Ndiyo," akasema. "Una haraka."